Usiku wa Mayai ya Shemeji

Mafuta ya nazi aliyokuja nayo mama mkwe kutoka Pangani yaliganda usiku wa kwanza alipolala kwetu Masoro. Alikuwa ameyatia kwenye chupa kwa mkono wake, akaipakata hiyo chupa kutoka Tanga hadi mpakani Rusumo, na kutoka Rusumo hadi Kigali, asiiachie hata alipopitiwa na usingizi. Asubuhi akaichukua ajipake nywele. Akaipindua, hakikutoka kitu. Akaitikisa, kimya. Akaiinua dirishani akaona ndani mmejaa kitu cheupe kigumu, ndipo akaniita kwa sauti ya chini kama mtu aliyeibiwa.

"Mwanangu, watu wa basi wamenibadilishia mafuta."

Nikaleta bakuli la maji ya moto, nikaisimamisha chupa humo mbele yake. Kwanza pembeni pakatokea utepe mwembamba unaong'aa. Kisha lile donge jeupe likaachana na kioo, likawa linaelea huku likipungua taratibu, mpaka chupa nzima ikawa na mafuta maangavu yenye harufu ya tui lililopikwa likakauka. Mama akanusa, akajipaka kiganjani, akatulia.

"Ndiyo yenyewe. Kwetu kipupwe huganda kidogo, lakini si hivi."

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Kwa pwani mwezi wa Aprili, chupa haipati nafasi ya kuganda. Kigali imekaa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Aprili, mvua ikinyesha, joto hushuka hadi karibu nyuzi 16. Masoro yenyewe ni mlima ulio wazi upande wa mashariki ya jiji, wilaya ya Gasabo, na upepo ukivuma hauna pa kuzuiliwa. Mama alilala na blanketi mbili, na soksi za mwanawe miguuni.

Siku chache baadaye yakaja maharage. Alitaka kutupikia maharage ya nazi kama ya kwao, akayabandika mapema, akaketi kusubiri. Adhuhuri ikapita. Maji yalikuwa yanatokota vizuri, povu linapanda, lakini punje ukiibana kati ya vidole bado ina kiini kigumu. Mama akaongeza moto, na maharage hayakujali. Jirani yetu, mama mmoja aliyekulia Bukavu, alikuwa amepita kuchukua ungo wake. Akafunua sufuria, akachungulia, akacheka kwa upole.

"Mama, maharage ya huku inataka uvumilivu. Loweka usiku, funika, weka jiwe juu ya kifuniko. Moto mwingi unamaliza makaa bure."

Alisema kweli kabisa. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, yakaishia hapo. Ukiongeza moto unaongeza mvuke tu. Ndiyo maana sufuria ya presha ni mali katika nyumba za milimani: huubana mvuke ndani na kuyalazimisha maji yapande kupita nyuzi 110. Nyuzi tano tu kati ya Pangani na Masoro, na chakula cha mchana kikaliwa magharibi.

Visa hivyo viwili vilikuwa vidogo, tukavicheka. Lakini vilikuwa vimemfundisha Mama jambo alilolishika kuliko sisi wote: kwamba kila kitu kina kiwango chake cha joto, na kwamba kuongeza moto si lazima kuwe kuongeza faida. Jambo hilo ndilo lililookoa mayai ya shemeji.

Mashine chumbani

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anafanya kazi kwa zamu kwenye Ukanda Maalumu wa Kiuchumi wa Kigali, chini tu ya kwetu. Watu wa Masoro wanauita Zoni, na asubuhi ndio unaoamsha mtaa: mabasi, pikipiki, vijana na vitambulisho shingoni. Shemeji alikuwa akidunduliza kidogo kidogo. Alipofikisha, akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga, kasha la plastiki lenye kifuniko cha kuonea ndani, feni ndogo na nafasi ya mayai 48. Akachukua mayai ya kuku wa kienyeji wa yule jirani wa Bukavu, kwa makubaliano kwamba vifaranga watagawanwa.

Mashine ikawekwa chumba cha stoo, na nyumba ikapata sheria mpya. Mlango usiachwe wazi. Kifuniko kisifunguliwe ovyo. Binti yangu akapewa kazi ya kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Shemeji alimweleza kwamba yai la kuku linataka nyuzi 37 na nusu kwa siku 21, na kwamba ligeuzwegeuzwe hadi siku ya 18, ili kiinitete kisigande upande mmoja wa ganda. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali lililomwacha shemeji akitafakari.

"Na kuku, baba, yeye kipimajoto chake kiko wapi?"

Kiko kifuani. Mtetea akitaka kuatamia, manyoya ya sehemu ya kifua na tumbo hupukutika, ngozi ikabaki wazi, na damu ikaongezeka hapo. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi. Akilalia mayai, ngozi ile huyagusa moja kwa moja, naye huyajua kwa kuguswa. Yakipoa hujibana, yakizidi joto huinuka kidogo, na kila mara huyageuza kwa mdomo. Mashine nzima ile, na waya wake na feni yake, ilikuwa inaiga kiraka kimoja cha ngozi.

Kila baada ya siku kadhaa tulizima taa, shemeji akawasha tochi ya simu na kuweka yai juu yake. Mara ya kwanza tuliona kidoa chekundu chenye mishipa iliyotawanyika pande zote. Baadaye kidoa kikawa kivuli, na kivuli kikatikisika. Binti yangu akashika mkono wa bibi yake bila kusema neno. Yaliyobaki meupe bila mshipa yaliondolewa, mengine yakaendelea.

Umeme unakatika

Mayai yalikuwa yameshaingia siku zake za mwisho, zile za kutogeuzwa tena, mvua kubwa ilipoanza jioni. Radi ilipiga upande wa Ndera, taa zikafifia, zikazimika. Saa moja usiku mtaa mzima ulikuwa giza. Kilichotushtua si giza, ni ukimya. Feni ya mashine ilikuwa imenyamaza.

Mume wangu alikuwa safarini Huye. Shemeji alikuwa kazini. Nyumbani tulikuwa mimi, Mama na mtoto. Nilimulika kipimajoto cha kioo kupitia kifuniko: nyuzi 37. Tulipomaliza kutafuta mishumaa kilisoma 36. Chumba chenyewe kilikuwa baridi, mvua inapiga bati, na upepo unaingia chini ya mlango.

Mama hakupoteza muda. Akaniambia nisifungue kifuniko hata kwa kuchungulia. Akavua blanketi lake moja kitandani, akalikunja mara mbili, akalifunika kasha pande zote isipokuwa matundu ya hewa juu. "Hawa sasa ni watu," akasema, "wanavuta pumzi. Ukiwaziba umewaua." Akaniagiza nichemshe maji kwenye jiko la gesi, nitie kwenye chupa, nizifunge khanga. Kila chupa niliyomletea aliigusisha kwanza kwenye kope ya jicho lake. Mbili alizirudisha. "Hii kali. Punguza."

Nilikuja kukumbuka baadaye kwamba Misri wana matanuri ya kutotoleshea mayai, majengo ya udongo yaliyotumika tangu zama za kale, na wafanyakazi wake hadi karne hii wamekuwa wakipima joto la yai kwa kuliweka kwenye kope. Mfaransa Réaumur, aliyetunga kipimo chake cha joto mwaka 1730, ndiye aliyeandika kwa kina kuhusu matanuri hayo kwa wasomaji wa Ulaya, mwaka 1749. Mtu aliyekuwa na kipimajoto chenye jina lake alisoma kwa heshima kazi ya watu waliopima kwa jicho. Mama hajawahi kusikia habari hizo. Ngozi ya kope ni nyembamba, na huo ni ujuzi ambao wanawake walioogesha watoto wachanga wanao popote pale.

Chupa tukazipanga kuzunguka kasha, nje, chini ya blanketi. Nyuzi 35.

Saa tatu shemeji akaingia, ameloa chapachapa, amekimbia kutoka barabara kuu. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja jikoni, akaijaza makaa imbabura, jiko la hapa la kubebeka, akaanza kupepea. Makaa yaliposhika akainyanyua kuelekea stoo. Mama akasimama mlangoni.

"Baba, hiyo haiingii humu."

"Mama, wanakufa."

"Wanapoa. Kupoa na kufa ni vitu viwili. Kuku akienda kula, mayai hupoa, akirudi huyakuta yapo. Lakini sijaona yai lililochemka likatoa kifaranga."

Shemeji alikuwa anatetemeka, sijui kwa baridi au kwa uchungu. Akiba yake ya miezi mingi ilikuwa chini ya blanketi lile. Nilimwona akimwangalia mama yake, kisha makaa, kisha mama yake tena. Akairudisha imbabura nje kwenye baraza.

Hatari ya makaa ilikuwa mara mbili. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi ambayo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na imeua familia nyingi za Afrika Mashariki katika misimu ya baridi, watu wakiwa usingizini. Na joto lenyewe, katika chumba kile kidogo, lingepanda bila breki. Wataalamu wa ufugaji wanafundisha kwamba nusu saa ya nyuzi 40 na nusu inaweza kuharibu vibaya viinitete, ilhali saa tatu au nne za nyuzi 32 kwa kawaida huchelewesha tu ukuaji. Protini za mwili zinapopashwa kupita kiasi hujikunjua, zikapoteza umbo lake la kufanyia kazi. Zikipoa kiasi, hupunguza mwendo tu. Kwa hiyo kiumbe hai kina nafasi kubwa upande wa baridi na nafasi ndogo sana upande wa moto. Kuku anaatamia karibu kabisa na ukingo huo wa hatari, usiku na mchana, bila kuuvuka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mama alilijua kwa kuyagusa tu, maishani mwake mwote: mayai ya siku za mwisho hutoa joto lake yenyewe. Kifaranga aliyekwisha kukamilika anaunguza chakula chake mle ndani kama sisi. Mayai yaliyobanana chini ya blanketi yalikuwa yanapeana joto. Kazi yetu haikuwa kuwasha kitu. Ilikuwa kutunza kilichokwisha kuwaka.

Tukakaa sote pale stoo, mgongo ukutani. Mtoto alikataa kwenda kulala, na Mama akamsimulia kasa wa Ushongo, ufuko ulio kusini ya Pangani. Kasa hutoka baharini usiku, huchimba shimo, hutaga, hufukia, na kurudi zake majini asitazame nyuma. Mchanga ndio unaoatamia, kwa muda wa miezi miwili hivi.

"Na mchanga ukipoa, bibi?"

Hapo nikaingilia, kwa kuwa jambo lenyewe ni la ajabu. Kwa kasa, joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka mchanganyiko wa madume na majike. Mchanga ukiwa na joto zaidi, majike huzidi. Kaskazini mwa miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga waliotoka kwenye fukwe zenye joto walikuwa majike. Madume wakikosekana, bahari itabaki na majike wasio na wa kuzaa naye. Nyuzi mbili tatu tu za mchanga.

Mama alinyamaza kidogo. Fukwe za kwao anazijua kwa nyayo. Mchana wa kaskazi siku hizi, alisema, mchanga unaunguza kuliko alipokuwa msichana, na wanawake wanaookota kombe wanavaa ndala pale walipokuwa wakitembea pekupeku.

"Basi na hawa wetu watakuwa mitetea au majogoo?" mtoto akauliza. Nikamwambia kuku si kama kasa: yai lake hutoka kwa mama likiwa limekwisha kuamua. Akaonekana kuridhika kwa niaba yao.

Usiku wa manane kipimajoto kilisoma 32. Tulibadilisha chupa, Mama akipima kila moja kwenye kope. Kabla ya alfajiri umeme ukarudi, feni ikavuma, na shemeji akafunika uso kwa mikono yake.

Ganda linadonolewa

Siku ya kuanguliwa ilipita bila dalili. Shemeji alikuwa anatoka na kuingia stoo bila kusema. Kesho yake asubuhi mtoto akaweka sikio kwenye kifuniko, akanyanyua kidole. Kulikuwa na mlio mwembamba, ndani ya ganda. Kifaranga huanza kwa kutoboa utando na kuvuta pumzi ya kwanza kwenye kile chumba cha hewa upande butu wa yai, na hapo ndipo anapolia kabla hajauona mwanga. Kisha hudonoa ganda kwa kijino kigumu kilicho juu ya mdomo, kinachodondoka siku chache baadaye. Hupumzika kwa saa nyingi. Halafu huzunguka akikata duara, na kifuniko cha ganda kikabanduka.

Jioni walikuwa wengi, wamelowa, shingo zinawayumba. Kufikia asubuhi walikuwa mabonge ya manyoya. Mayai saba hayakufunguka. Jirani alipokuja kuchukua fungu lake, Mama alimwonyesha yale saba pia, kwani alitaka hesabu iwe wazi.

Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa nyuzi tatu hivi kila wiki hadi manyoya yakamilike. Tulitundika balbu juu ya boksi kubwa, lakini kipimo tulichokitegemea kilikuwa wao wenyewe. Wakirundikana chini ya balbu wakilia, wanaona baridi. Wakikimbilia kuta, mabawa yameachana na midomo iko wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na wengine wamelala kifudifudi kama vitambaa vilivyodondoshwa, wako sawa. Mama alikaa nao kutwa, na mara ya kwanza tangu aje alivua soksi, kwani pembeni ya boksi lile palikuwa na joto la Pangani.

Yakafuata ya chanjo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima. Chanjo ya kawaida lazima ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa nje inakufa ikiwa ndani ya chupa, na kwa macho huwezi kujua. Mama alituambia kwao huja chanjo ya matone ya jichoni isiyodai barafu sana. Hiyo ndiyo iliyotokana na aina ya kirusi iitwayo I-2, iliyochaguliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa kustahimili joto, na Tanzania huitengeneza yenyewe. Kwa kijiji kisicho na friji, huo ni ukombozi.

Sisi friji tunayo, ndiyo iliyopokea kichupa chetu. Nikiifungua sasa nawaza kwamba mji huu una jina kubwa katika habari za baridi. Usiku kucha, kuamkia tarehe 15 Oktoba 2016, wajumbe wa karibu nchi 200 walikaa Kigali wakakubaliana kupunguza gesi za HFC zinazotumika kwenye friji na viyoyozi, kwa sababu zikivuja huipasha dunia joto kupita kaboni dioksidi mara mamia na maelfu. Makubaliano yale, yaliyoanza kutumika Januari 2019, yanakadiriwa kuizuilia dunia hadi nusu nyuzi ya ongezeko la joto ifikapo mwisho wa karne. Kabla ya usiku ule wa stoo, nusu nyuzi ilikuwa kwangu tarakimu. Sasa nimeona inavyopimwa kwenye kope, na nimeona chupa ikirudishwa kwa sababu imezidi kidogo tu. Nawaombea waliokubaliana watimize ahadi yao hadi mwisho.

Mama aliondoka vifaranga walipoota manyoya ya mabawa. Kabla ya safari alimketisha mjukuu wake na kalamu, akamtamkia maneno ya kubandika kwenye mlango wa stoo. Shemeji ameyaacha hapo, juu ya mashine yenye mayai mapya: *Umeme ukikatika, usifungue. Funika, acha matundu. Maji ya chupa yapime kwa kope. Makaa yabaki nje. Wape muda.*